Kabla hujasema maisha ni bora Kenya, piga hesabu hivi

Mdogo wangu wa kiume amepata kazi Nairobi. Jioni moja alipita kwangu Tabata, Dar es Salaam, akakaa pembeni ya cherehani, akaniuliza: "Dada, wewe umeishi kule miaka mitatu. Maisha bora ni wapi, huku au kule?" Ana mke na mtoto wa darasa la nne, kwa hiyo sikutaka kumjibu juujuu. Nilimpa daftari nikamwonyesha namna ya kulijaza. Wewe unayewaza safari kama yake, chukua daftari lako.

Kwanza achana na kubadilisha fedha. Shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za kwetu, basi mtu akisikia mshahara wa 30,000 anazidisha, anapata laki sita, anaanza kufunga begi. Laki sita hiyo ataitumia Nairobi, si Buguruni. Tumia kazi yako mwenyewe kuwa kipimo. Mimi ni fundi, napima kwa gauni. Hapa Dar nikishona gauni la kitenge, nikitoa uzi, zipu na umeme, nabaki na 15,000. Chumba changu ni 90,000 kwa mwezi, yaani gauni sita. Nilipokuwa Umoja, Nairobi, kila gauni lilinibakishia 750 za kule, na chumba kilikuwa 6,000. Gauni nane.

Usifunge ukurasa hapo. Mwenye nyumba wangu wa Tabata anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, kwa hiyo kabla sijapewa ufunguo lazima niwe nimeshona gauni 36. Umoja nililipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, gauni 16, nikaingia. Kwa mtu asiye na akiba, hapo ndipo inapoamuliwa kama atalala kwake au kwa shemeji. Kwa hiyo kila gharama iandike mara mbili: kiasi gani kwa mwezi, na kiasi gani kinatakiwa mkononi siku ya kwanza.

Nauli nayo ina mtego wake. Daladala zetu hupangiwa nauli na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu. Jioni utagombania mlango, utakanyagwa, lakini bei ni ileile ya asubuhi. Matatu za Nairobi hupandisha watu wakiwa wengi, na mvua ikinyesha konda anaweza kukutajia mara mbili. Andika nauli ya siku mbaya. Unga nao angalia uzito: kule wamezoea pakiti ya kilo mbili, huku tunataja bei ya kilo moja. Nimesikia watu wazima wakibishana saa nzima kwa sababu hiyo tu.

Sasa takwimu za serikali. Hapa nakuomba utulie, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa Tanzania Bara wa 2017/18 ulisema asilimia 26.4 ya watu wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Wa Kenya, wa 2015/16, ulisema 36.1. Mdogo wangu alifurahi: "Kumbe sisi tuna nafuu!" Hapana. Kila nchi imechora mstari wake yenyewe. Ukiwapima wote kwa mstari mmoja wa Benki ya Dunia, ule wa dola 1.90 kwa siku uliotumika miaka ile, mpangilio unageuka: Tanzania inakuwa karibu nusu ya watu, Kenya zaidi kidogo ya theluthi. Kabla ya kulinganisha namba mbili, uliza kama zimepimwa kwa rula moja.

Rula moja ipo. Mwaka 2022 nchi zote mbili zilifanya utafiti wa afya na idadi ya watu, na maswali yake yanafanana sana. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano ni 43 kwetu na 41 kwa Kenya. Hapo tuko karibu sawa. Angalia udumavu sasa, yaani watoto wa chini ya miaka mitano walio wafupi kuliko umri wao: asilimia 30 kwetu, 18 kwao. Ningesoma mstari mmoja tu ningeondoka na jibu la nusu.

Kisha shuka hadi mkoa. Iringa, mkoa unaovuna mahindi, udumavu ni zaidi ya nusu ya watoto. Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Kilifi, ndani ya Kenya hiyohiyo yenye 18, ni 37. Wewe huhamii wastani wa nchi. Unahamia mtaa, kwa hiyo tafuta namba ya kaunti au mkoa unaokwenda.

Yapo pia yasiyo na namba. Hapa shule za serikali zimeondoa ada hadi kidato cha sita tangu 2022, lakini kilichonitia wasiwasi kuhusu mtoto wetu ni lugha. Amesomeshwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Kule, kuanzia darasa hilohilo la nne, masomo ni kwa Kiingereza. Anaweza kupoteza mwaka mzima akitafuta maneno. Na ukiajiriwa kule, tangu Oktoba 2024 mshahara unakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya, kwa hiyo uliza kinachobaki baada ya makato.

Mwisho, mpigie mtu anayeishi mtaa huohuo, mwenye kipato kama chako. Usimuulize "maisha yakoje", atakuambia "tunasukuma". Muulize maji yalitoka lini, mara ya mwisho mtoto alipougua alimpeleka wapi, na alilipa kiasi gani kabla daktari hajamgusa.

Mdogo wangu amekwisha jaza kodi, nauli na shule. Ukurasa wa hospitali bado mweupe. Anasubiri simu ya jirani yangu wa zamani wa Umoja.