Kabla ya Mgeni wa Kwanza Kufika Kibati

Miezi hii vijana kadhaa wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wamenijia na wazo lilelile: kuanzisha kampuni ndogo ya kupeleka wageni mlimani na msituni, ili hali ikitulia wawe wako tayari. Wapo wanaowacheka. Vita viliingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, mtalii atatoka wapi? Mimi siwacheki. Katika kazi hii nimeona makosa mengi yakizaliwa siku ileile kampuni inapopata mteja wake wa kwanza. Mteja ana dola mkononi, anataka kupanda kesho, na hakuna aliyekwisha kuketi na kuamua ni jambo gani litakataliwa. Ukimya huu ndio wakati wa kuamua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ningelitayarisha ni uwezo wa kusema hapana, na uwezo huo ni pesa. Malipo ya mgeni yasiguswe mpaka ashuke. Hifadhi ya Virunga, yenye magorila na volkano zetu, iliyoanzishwa mwaka 1925, imefunga milango yake zaidi ya mara moja. Mei 2018 ilifunga baada ya mlinzi mmoja kuuawa akiwa na wageni, ikafungua tena Februari 2019, na Machi 2020 ikafunga kwa ajili ya Covid. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa wakilinda hifadhi hiyo. Kampuni iliyokwisha kula pesa za mgeni, siku lango likifungwa, huanza kutafuta njia ya kando na mtu wa kumpa kitu kidogo. Nimefanya kazi na moja ya namna hiyo na najua jinsi mazungumzo hayo yanavyokwenda: yanaanza na deni, si na ubaya wa moyo. Iliyoweka pesa pembeni hurudisha, na kesho yake inalala usingizi.

Mlima wenyewe nao husema hapana. Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ulimwaga lava Januari 1977, ukaipitisha katikati ya mji Januari 2002, na jioni ya Mei 22, 2021 ukafika mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kabla ya kutangaza safari yoyote, jua nani katika kampuni atafuata taarifa za OVG, yaani kituo cha uchunguzi wa volkano cha hapa, na atampigia nani simu usiku. Mpe mtu huyo mamlaka ya kuahirisha safari bila kuomba ruhusa kwa mwenye kampuni. Hilo liandikwe.

Kuna na mazuku. Kwa aliyekulia hapa si jambo geni: ni hewa ya kabonidioksidi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta hulala kwenye vibonde vya mawe ya lava, hasa upande wa magharibi wa mji kando ya ziwa. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, ndipo inapojaa. Mbuzi huingia kula majani akabaki humo. Mgeni hajui hayo. Yeye huona kibonde kizuri, kimekingwa na upepo, akasema hapa ndipo tupige hema. Mahali pa kulala pachaguliwe mapema, mchana, pawe mwinuko, na achague mwenyeji wa mtaa huo anayejua mifugo yao ilifia wapi. Mlipeni kwa ujuzi huo kama mnavyomlipa dereva.

Sasa wapagazi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoanzia.

Nyiragongo una mita 3,470, na njia ya kupanda inaanzia kijiji cha Kibati, chini kidogo ya mita 2,000. Mwaka wangu wa kwanza wa kubeba, mzigo wangu asubuhi moja ulikuwa begi la mgeni, hema mbili na gunia la makala, yaani makaa ya kupikia. Hakuna aliyeupima. Niliuzungushia kamba, kamba nikaipitisha kwenye paji la uso, mwenzangu akanivuta mkono nikainuka. Juu kule mawe ya lava ni malegevu, yanabiringika chini ya buti la mpira, na kila hatua unairudia mara mbili. Usiku wageni waliingia kwenye vibanda na mifuko yao ya kulalia. Sisi sita tulizunguka mbabula moja, jiko la makala. Kijana mmoja alimwaga makala yaliyobaki, akajifunika lile gunia tupu, mavumbi meusi yakamwingia mpaka kwenye nywele. Kabla ya alfajiri aliniambia, "Yaya (kaka), miguu siisikii." Nilimvua buti, nikamsugua nyayo mpaka akalalamika kwamba zinauma, ndipo nikatulia.

Kampuni ile haikuwa na roho mbaya. Hakuna aliyekaa siku moja kabla na kuuliza wapagazi watalala na nini.

Basi, nunua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama, na ikae Kibati kila siku ya safari. Kule Kilimanjaro kanuni ya wapagazi inataja kilo 20 za mzigo wa kampuni. Kwa Nyiragongo mimi ningeshuka mpaka 15, maana mwinuko wa mwisho ni mkali na mpagazi ana maji na chakula chake pia. Mlimani hakuna mahali pa kuchota. Begi likizidi, mgeni apunguze au alipie mpagazi wa pili. Nunua makoti, mifuko ya kulalia na buti kwa ajili ya wapagazi kabla hujanunua viti vya kukunja vya wageni. Hesabu gharama hiyo ndani ya bei tangu mwanzo. Bei isiyoweza kubeba koti la mpagazi ni bei ya uongo, hata kama inavutia wateja.

Malipo yake yafike mkononi mwake mwenyewe, siku hiyohiyo ya kushuka. Yakipitia kwa msimamizi hupungua njiani. Na angalieni noti. Mgeni mwenye moyo mwema humpa mpagazi dola iliyochanika pembeni, au noti ya dola moja, akadhani amemsaidia. Hapa noti iliyochanika hata kidogo haipokelewi, na ya dola moja wengi huikataa. Nimemwona baba wa watoto akizunguka soko la Virunga na noti kama hiyo, kutoka meza hadi meza, mpaka akaiuza kwa nusu. Waambieni wageni kabla hawajaondoka kwao, au muwabadilishie mapema kuwa franka.

Kwa magorila, sheria za hifadhi zinajulikana: barakoa, umbali, kikundi kidogo, saa moja tu. Gorila wa milimani waliobaki duniani ni elfu moja na kidogo, na mafua yetu huwapata na kuwaua. Lakini sheria ya kwamba mgonjwa asiende inategemea mkataba wenu. Mtu aliyevuka bahari, akijua kwamba akikohoa anapoteza pesa zake zote, atameza dawa kimyakimya asubuhi na kukwambia yuko mzima. Mwandikieni mapema atarudishiwa nini au atapelekwa wapi badala yake, na wala asione aibu kusema. Nami ningeongeza kwamba mwongoza njia mwenye mafua alipwe siku yake hata akibaki nyumbani. Naye ana watoto, naye ataficha kikohozi.

Mbabula inanirudisha kwenye makala. Mwaka 2007 gorila kadhaa walipigwa risasi ndani ya Virunga, na biashara ya makala ilitajwa sana katika chanzo cha mauaji yale. Sehemu kubwa ya makala yanayopikia mji huu imetoka kwenye miti ya hifadhi. Sasa fikiria kampuni inayomlipisha mgeni ili aone gorila, halafu inampikia chai kwa mti aliokuwa akiishi chini yake. Ukimwuliza muuzaji gunia limetoka wapi, atakwambia Masisi, nje ya hifadhi. Yaangalie mwenyewe: ya miti migumu ya msituni ni mazito na hukaa motoni, ya mikaratusi iliyopandwa ni mepesi na huisha upesi. Kuna wakulima waliopanda miti ya makala kupitia mradi wa EcoMakala wa shirika la uhifadhi la WWF. Tafuta muuzaji wa namna hiyo mmoja, umwekee oda ya kudumu. Kwa mlimani beba jiko dogo la gesi. Mjini, penye umeme wa maji kutoka kituo cha Matebe, pika kwa umeme.

Chakula hakina ugumu. Viazi na kabichi za Kibumba, sambaza (dagaa) za ziwani, jibini ya Masisi, sombe (majani ya muhogo) ya mama wa mtaani: mwambieni wiki moja kabla na mpeni nusu ya pesa, asikope ili kuwalisha wageni wenu. Chupa za plastiki zihesabiwe zinapopanda na zihesabiwe zinaposhuka. Wageni wanaopitia Rwanda watakuwa wamezoea, maana huko mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008.

Picha ni jambo zito zaidi. Barabara ya kwenda Kibati inapita Kanyaruchinya, mahali ambapo maelfu ya waliokimbia vita waliishi chini ya maturubai. Ziko siku gari la wageni lilisimama, vioo vikashushwa, na watoto wakapigwa picha kama wanyama wa kando ya njia. Mama mmoja alimgeuza mwanawe uso ukutazame ukuta, akabaki amesimama hivyo mpaka gari likaondoka. Dereva wenu aambiwe mapema kwamba hapo hapasimamwi, na mgeni aambiwe hotelini, kabla ya kupanda gari, kwa nini.

La mwisho linahitaji karatasi moja tu. Kila safari huacha mjini orodha ya walio mlimani, na orodha nyingi nilizoziona zilikuwa na majina ya wageni, namba za pasipoti, bima na balozi zao, halafu chini kabisa: "wapagazi 8". Andikeni majina yao yote manane, na mbele ya kila jina namba ya simu ya mke au ya mama.