Dizeli ngamani: usimwamini tone

Boti yangu ina injini ya dizeli ya silinda tatu na tangi la lita 120 huko tezini. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikifungua kifuniko cha injini asubuhi, harufu inanipokea kabla sijainama. Ngamani, yaani chini kabisa ya boti ambako maji hukusanyika, juu ya maji hayo palikuwa na utando wa rangi rangi kama shingo ya njiwa. Na kila nikipapasa chini ya pampu ya kuvuta mafuta, kidole kinarudi na tone.

Nikaihukumu pampu. Nikanunua mpya, nikafunga, nikanawa mikono nikiwa nimeridhika kabisa. Siku ya pili tone likawa limening'inia palepale, safari hii kwenye pampu mpya.

Kumbe mafuta yalikuwa yakitoka kwenye washa ya shaba, ile pete bapa ya kuzibia kiungo, juu ya filta ya pili, sentimita 40 hivi kutoka pale. Yaliteremka mgongoni mwa chuma kinachoshika filta, yakafuata tumbo la bomba, yakafika kwenye pampu kwa sababu ndiyo iliyokuwa chini kuliko vyote. Dizeli hutambaa, na haikauki upesi kama petroli. Unapoliona tone, hapo ndipo lilipokosa pa kutambaa tu. Chanzo chake kitafute juu.

Basi ukinusa dizeli, kitu cha kwanza ni kuzima ile pampu ya kufua maji inayojiwasha yenyewe. Ukiiacha itayamwaga mafuta yote baharini, utakuwa umechafua maji na kupoteza ushahidi. Yanyonye kwa matambara au vitambaa vya kunyonyea mafuta. Lakini kumbuka umeizima: boti inayoingiza maji huku pampu imelala ni balaa jingine.

Kitu cha pili ni kigumu kwa mtu ambaye tayari ana spana mkononi: usikaze chochote. Ukikaza nati tatu kwa mkupuo na mvujo ukakoma, hutajua ipi ilikuwa na kosa, na ukirudi utaanza upya. Tena nati za mabomba madogo ukizilazimisha, mdomo wa bomba hupasuka. Mimi nilipasua mmoja nikiwa natafuta mvujo ambao haukuwa pale.

Halafu ifuate njia ya mafuta kwa macho na tochi. Yanatoka kwenye tangi, yanapita valvu, filta ya kwanza yenye kikombe cha kutenga maji, pampu ya kuvuta, filta ya pili, pampu ya nozeli, kisha nozeli zenyewe zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda. Yanayobaki hurudi tangini kwa bomba la marejeo, ambalo watu wengi hulisahau kabisa. Kutoka tangini hadi pampu ya kuvuta, mafuta yanavutwa. Kuanzia pampu kwenda mbele yanasukumwa. Tofauti hiyo itakupunguzia nusu ya kazi. Upande wa kuvutwa ukiwa na tundu, injini ikiwaka mara nyingi tundu hilo huingiza hewa badala ya kutoa mafuta: injini inapanda na kushuka yenyewe, pengine inazima, na nje kukavu. Ukizima, kama tangi liko juu ya tundu, ndipo linaanza kudondosha. Upande wa kusukumwa hulowa injini ikiwa kazini. Kwa hiyo jiulize: linadondoka injini ikinguruma au ikiwa kimya? Langu lilidondoka ikinguruma tu. Ningejiuliza hilo mapema, nisingepoteza jumamosi tatu upande wa tangi.

Sasa osha. Sizungumzii kupangusa, osha kwa sabuni ya kukata grisi na brashi, kila kiungo, kila pembe, kisha kausha mpaka tambara jeupe litoke jeupe. Mimi ilinichukua asubuhi nzima na sikujuta. Injini chafu haisomeki.

Ikishakauka, chukua tishu nyeupe, kata vipande vyembamba, zungusha kimoja kwenye kila kiungo ukifunge kwa uzi. Visikaribie mkanda wa injini wala bomba la moshi. Mahali tishu isipofika, paka vumbi la chaki. Dizeli ikiligusa linageuka rangi mara moja. Funga boti vizuri, washa injini, iache ifanye kazi dakika 20 hivi, uzime. Angalia kuanzia juu kushuka chini. Kwangu tishu zote zilikuwa nyeupe isipokuwa ile ya juu ya filta, yenye doa dogo kama punje ya dengu upande wa ndani, ule usioonekana bila kioo. Nikawasha tena dakika tano. Dengu likawa ukubwa wa sarafu.

Hapa nitasimama kidogo, maana kuna sehemu moja isiyo na mchezo. Mabomba ya chuma kati ya pampu ya nozeli na nozeli yana shinikizo la kutisha: kwenye injini za kizamani ni zaidi ya bar 100, na kwenye zile za kisasa za reli moja, yaani bomba moja nene linalogawia nozeli zote mafuta, hupita bar 1,000. Tundu dogo linaweza kutoa mnyunyizo usiouona, nao hupenya ngozi. Usipitishe mkono hapo injini ikiwa inawaka, hata ukivaa glovu. Pitisha kipande cha boksi kilichofungwa kwenye fimbo, ukiangalia kama kinalowa. Ukichomwa, nenda hospitali saa ileile na useme wazi kuwa ni mafuta ya shinikizo kubwa, hata kama kidonda kinafanana na tundu la sindano na hakiumi. Na mnyunyizo huo ukiangukia bomba la moshi lenye moto, unaweza kuwaka. Kwa hiyo ukigundua mvujo huko, zima injini. Kwenye injini ya reli moja muachie fundi mwenye vifaa.

Turudi kwenye washa. Boliti yenye tundu katikati, inayofunga bomba kwenye filta, huwa na washa mbili za shaba, moja kila upande wa jicho la bomba (pete iliyo mwishoni mwake), na zote hubadilishwa pamoja. Shaba ikishabanwa hukakamaa, haikubali tena kujaza mikwaruzo. Kama huna mpya, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, isafishe masizi, inalainika. Usizungushe tepu nyeupe ya mabomba ya maji: nyuzi zake hukatika na kusafiri hadi kwenye nozeli.

Kama dalili zako ni za hewa, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, utazame mapovu. Au ruka tangi kabisa: chovya mpira mfupi kwenye dumu la dizeli safi, uupeleke pampuni. Injini ikitulia, kosa liko nyuma, kuelekea tangini. Rudisha kipande kimoja kimoja hadi ugonjwa urudi.

Mengine nitayataja haraka. Oili ikipanda kwenye kijiti cha kupimia na kunuka dizeli, huenda ngozi ya ndani ya pampu ya kuvuta imetoboka na mafuta yanaingia kwenye oili. Usiwashe injini mpaka umetengeneza na kubadilisha oili. Harufu inayokuja baada ya kujaza tangi tu, au boti ikienda mrama, mara nyingi hutoka kwenye gasketi ya geji juu ya tangi au mpira wa kujazia. Tangi la chuma huoza chini, kwa kuwa maji hukaa chini ya dizeli. Mipira ikunje kwa vidole: ikionyesha mipasuko midogo, itoe. Na chungulia pale inapopita kwenye mbao, hapo ndipo husuguka.

Ukimaliza, toa hewa kwenye filta na pampu ya nozeli, washa, kisha tandika kitambaa cheupe chini ya injini kwa wiki nzima. Changu kilibaki cheupe. Ile pampu ya zamani niliyoihukumu bure nimeifunga kwenye mfuko, iko ndani ya sanduku la vipuri. Nzima kabisa.