Somo: kumtunza nyoka wa miale, na undugu wake na chatu

Assalaam alaykum jamaa. Tangu nilipotia hapa kundini ile picha ya nyoka aliyetoka kujivua gamba, aking'aa kwa rangi nyingi, watu wananiuliza nimempaka mafuta gani. Sijampaka kitu. Huyu ni Xenopeltis unicolor. Kwa Kiswahili hana jina, sisi kazini tunamwita nyoka wa miale. Kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki, kuanzia Myanmar na Thailand mpaka Malaysia, Indonesia na Ufilipino, na hupatikana sana kwenye mabonde ya mpunga. Hapa kwetu Unguja hayupo. Lakini ukitia mkono kwenye tope la bonde la Cheju wakati wa masika, utakuwa umeshika kitu anachokitaka.

Mie kazi yangu ni kutunza nyoka kwenye kituo kidogo cha maonyesho hapa Unguja. Wa miale tunao wawili, wameingia kwa karatasi kamili.

Kwanza, kibali. Kabla hujanunua hata kasha, nenda Idara ya Misitu ukaulize, na watu wa mifugo pia. Hili nalishikilia sana. Kunguru waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na hadi leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Mnyama wa kigeni akishatoroka kisiwani, hakuna wa kumrudisha.

Kasha. Mkubwa hufika kama mita moja, wengine huzidi kidogo. Kasha la plastiki la sentimita 90 kwa 45 linamtosha, lenye mfuniko wa kufungika kwa vibanio. Toboa matundu madogo ubavuni kwa msumari wa moto. Kioo kinapendeza, lakini yeye hana haja ya kuona nje.

Udongo. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nyoka huyu anaishi chini. Kichwa chake ni bapa kama kijiko, macho madogo, magamba yanateleza hata tope halimgandi. Mpe kina cha sentimita 15 au zaidi. Mie nachanganya udongo mweusi wa shambani usiotiwa dawa, kichanga kidogo, na makumbi yaliyochambuliwa. Angalia makumbi unayatoa wapi! Yale yanayofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba wa kamba yamekunywa chumvi miezi na miezi, usiyatie. Chukua makavu ya shambani, uyaloweke maji matamu, uyachambue mwenyewe.

Unyevu unaupima kwa kiganja. Kamua gao moja la udongo: uwe kama chicha baada ya tui la mwisho. Unashikana, hautoi tone, ukiugusa unamomonyoka. Udongo ukitoa maji, nyoka ataota malengelenge tumboni. Ukipeperuka vumbi, gamba halitatoka zima. Upande mmoja uache mkavu kidogo ili achague mwenyewe. Juu tandaza majani makavu ya mkungu au mwembe. Ya mkarafuu hapana, mafuta yake ni makali.

Joto. Nyuzi 26 hadi 29 zinamfaa, kwa hiyo kwetu taa ya joto haihitajiki. Shida ni kaskazi, Januari na Februari, chumba cha bati kinapofika 33 na zaidi. Hamisha kasha liende chumba cha kivulini, sakafuni, mbali na dirisha.

Maji. Bakuli pana la kumtosha kuingia mzima. Maji ya mfereji yaache wazi usiku kucha kwanza.

Chakula. Kwao anakula vyura, mijusi, panya wadogo na hata nyoka wenzake, kwa hiyo kila mmoja awe na kasha lake. Taya lake halipanuki kama la chatu. Mpe panya mdogo aliyekwisha kufa, asiyezidi unene wa kiwiliwili chake, mara moja kila siku 7 hadi 10. Mweke usiku karibu na shimo lake, zima taa, ondoka. Panya wa mtaani usimpe, huenda amekula sumu.

Mwache. Wa kwanza niliyekabidhiwa nilimkosea. Kila wageni walipokuja nilimfukua wamwone aking'aa. Akasusa chakula wiki saba, na gamba likamtoka vipande vipande, mkiani likabaki kama pete. Nilipoacha kumfukua na kuongeza udongo, wiki ya tatu akala. Wengi wanaouzwa wamekamatwa porini, wanakuja na kupe na minyoo, na hofu juu yake. Mgeni akae peke yake miezi miwili, kinyesi chake kipelekwe kwa daktari wa mifugo.

Siku ile ya picha sikumfukua. Alfajiri nilimkuta juu, nusu yuko chini ya jani la mkungu. Mgongo ulikuwa kahawia iliyokoza. Jua la dirishani lilipomfika, kijani kikapita shingoni kwenda chini, kikafuatwa na buluu, kisha zambarau, kama mafuta ya boti yanavyotanda juu ya maji pale bandarini Malindi. Rangi hizo hazimo ndani ya ngozi. Juu ya kila gamba kuna mistari midogo mno inayoupasua mwanga, na weusi ulio chini yake unameza unaobaki, ndiyo maana rangi zinasimama.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Mkoani: Ahsante sana kaka. Wanafunzi wangu wanauliza, huyu ni ukoo gani? Umbo lake kama chatu mchanga.

Jibu: Mwalimu, hao wanafunzi wana jicho. Zamani wataalamu walitazama fuvu lake gumu na mdomo mdogo, wakamweka ngazi ya chini, baina ya nyoka wachimbaji wa kale na jamii ya chatu. Vipimo vya DNA vimebadilisha hesabu. Tawi lake ni moja na chatu wa Afrika, Asia na Australia, pamoja na ndugu mmoja anayeishi mbali sana, nyoka aitwaye Loxocemus bicolor wa Mexico na Amerika ya Kati. Boa wa Amerika, anayefanana na chatu kwa umbo, yuko tawi jingine.

Waonyeshe hivi. Chatu ana vijikucha viwili karibu na kinyeo, mabaki ya miguu ya nyuma. Loxocemus anavyo. Wa miale hana hata dalili. Mtu atasema basi si ndugu yao. Lakini kitu kinaweza kupotea ndani ya ukoo, na maisha ya kuchimba yanabadilisha mwili mno. Wote watatu hutaga mayai, ilhali boa wengi huzaa. Na wa miale ana pafu la kushoto lililokua vizuri, ambalo kwa nyoka wengi wengine limesinyaa au halipo kabisa. Meno yake nayo yana bawaba: yanalala yakigonga gamba gumu la mjusi, kisha yanasimama yakamshika. Hayo aliyapata yeye kwa chakula chake.

Bi Mkubwa wa Wete: Mwanangu, ana sumu huyo?

Jibu: Shikamoo Bi. Hana. Huua kwa kubana. Akiogopa hutikisa mkia na kutoa harufu mbaya, kuuma ni nadra.

Mfugaji mpya: Mtoto wake anafanana na mkubwa?

Jibu: Ana kola nyeupe shingoni, hufifia akikua.

Kijana wa Micheweni: Kaka, tulipokuwa tunachimba muhogo tumeona nyoka mweusi anang'aa vilevile. Nimkamate nianze na yeye?

Jibu: Usimguse mdogo wangu, nakuomba. Pwani yetu ya Afrika Mashariki kuna nyoka weusi wa ardhini wa jamii ya Atractaspis, wanang'aa na wanaonekana wapole. Jino lao la sumu hutokeza pembeni hata mdomo ukiwa umefumba, kwa hiyo hakuna namna ya kumshika shingo ukasalimika. Mwacheni apite. Mkirudi kuchimba, vaeni viatu vya mpira, na udongo mgeuze kwa jembe, si kwa mkono.