Asmini ya nyumbani: ikate, ndo itoe maua

Hapa Dar nyumba kibao zina asmini getini, ndefu, majani yamejaa, maua mawili matatu basi, halafu mwenye nyumba analaumu udongo. Mara nyingi shida ni kwamba haijawahi kukatwa. Asmini inatoa maua kwenye machipukizi mapya, matawi ya zamani yanazeeka tu, so ukiogopa mkasi sahau maua. Naongelea hii yetu ya kutungia vikuba na kuweka kwenye nywele.

Hatua ya 1: mche (Machi/Aprili)
Usinunue kama jirani anayo, omba tawi. Lisiwe laini sana wala gumu kama kuni. Kata kipande cha sentimita 15 hivi chenye vifundo (pale majani yanapotokea) vitatu au vinne, ukate chini kidogo ya kifundo, toa majani yote bakiza mawili ya juu. Chomeka kwenye kopo la mchanga na mboji, vifundo viwili viingie chini, weka kivulini, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Masika hewa yenyewe ina unyevu ndo maana vinashika kirahisi. Baada ya wiki nne mpaka sita kivute kidogo, kikigoma kung'oka ujue kina mizizi. Chomeka vingi maana vingine vitaoza, kawaida hiyo.

Hatua ya 2: kuhamishia
Tafuta sehemu inayopata jua kwa muda wa saa tano au sita kwa siku, kivulini utavuna majani tu. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha kabisa. Udongo sehemu mbili, samadi moja, mchanga moja, na samadi iwe imeoza vizuri, mbichi inaunguza mizizi. Walio karibu na bahari kwenye udongo wa matumbawe, mkiona majani yanakuwa njano huku mishipa imebaki kijani, achaneni na ardhi hiyo pandeni kwenye ndoo. Na maji ya kisima yenye chumvi hapana jamani, yanakausha ncha za majani, kingeni ya mvua.

Hatua ya 3: mkasi (mwisho wa Agosti)
Kipupwe chote punguza maji, mbolea usiweke, iache ipumzike. Agosti ikiisha shika mkasi mkali na safi, toa matawi makavu na yanayosuguana, yaliyobaki punguza theluthi mpaka nusu, kata juu tu ya kifundo. Itabaki vijiti na majirani watakuuliza imekukosea nini, waache. Siku hiyohiyo weka samadi, mwagilia vya kutosha.

Hatua ya 4: vuli
Machipukizi yatatoka, na baada ya mwezi mmoja na nusu hivi utaanza kuona vitumba. Hapa watu wanakimbilia urea (mbolea ya nitrojeni), usifanye hivyo, inanenepesha majani maua yanapotea. Kijiko cha chai cha NPK (mbolea ya mchanganyiko) kwa ndoo, mbali na shina, kisha maji.

Hatua ya 5: kiangazi (Desemba mpaka Februari)
Ndoo zinakauka haraka, kwa hiyo gusa udongo asubuhi na jioni, ukiwa mkavu mwagilia. Panga makumbi ya nazi juu ya udongo, mgongo juu, ukiyageuza yanashika maji na mbu watazaliana humo. Majani yakiwa na vidoti na utando mwembamba kwa chini huo ni utitiri mwekundu, rushia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, ikizidi twanga majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, chuja, pulizia jioni. Kitumba chenye tundu kitoe, tupa mbali.

Kuchuma ni jioni, kitumba kikiwa cheupe kimevimba ila hakijafunguka. Funga kwenye kitambaa kibichi, usiku vinachanua vyenyewe. Tawi likimaliza maua kata ncha yake kidogo litoe tena, endelea hivyo mpaka masika yaingie, na hizo ncha usitupe, zilizokomaa kidogo ndo miche yako mipya.