Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka? Anzia ukutani

Wengi wanaoniletea kompyuta ya mezani iliyozima huja na jibu tayari: "Fundi, mazabodi imekufa." Kazi hii naifanya hapa Tanga, na ninachokwambia ni kwamba mazabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote vya ndani, iwe ya mwisho kulaumiwa. Umeme una njia yake. Unatoka ukutani, unapita kwenye waya, unaingia pawasaplai (kile kisanduku cha ndani kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumika na kompyuta), unafika mazabodi, halafu unasubiri kidole chako. Ufuate hivyo hivyo, na usinunue kifaa chochote kabla hujajua umekatikia wapi.

Naongelea mashine ambayo ukibonyeza swichi hakuna kitu: feni haizunguki, taa haiwaki. Kama feni inazunguka ila skrini ni nyeusi, huo ni ugonjwa mwingine.

Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ile ile uone. Kama unatumia ekstensheni, iondoe, uchomeke moja kwa moja ukutani. Kisha chukua waya wa umeme wa skrini, maana mara nyingi ni wa aina ile ile, uuhamishie kwenye kompyuta. Mashine ikiwaka, tatizo lako ni waya au fyuzi iliyomo ndani ya plagi. Fyuzi inauzwa bei ndogo sana, kwa hiyo tafadhali usifunge kijiwaya mahali pake. Nyumba huungua kwa mambo kama hayo.

Geuza kasha nyuma. Pawasaplai nyingi zina swichi ndogo yenye alama za I na O, na mtu akifuta vumbi anaweza kuizima bila kujua. Iwe kwenye I. Mashine za zamani zina pia swichi nyingine, mara nyingi nyekundu, ya kuchagua 115 au 230. Hizo ni volti, na kwetu ni 230 tu. Ukiikuta kwenye 115 na mashine imeshachomekwa, tegemea pawasaplai imeungua.

Kama mashine ilizima pale umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, jaribu hili kabla ya kufungua chochote: chomoa waya, bonyeza swichi ya mbele uishikilie kama nusu dakika, iache ipumzike dakika chache, kisha chomeka tena. Pawasaplai nyingine hujifunga zenyewe kujilinda, na hiyo ndiyo namna ya kuzifungua.

Bado? Sasa fungua kasha, waya ukiwa umechomolewa, na gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Angalia, nusa. Harufu ya kuungua husema mengi. Huku pwani nakuta mijusi imekauka juu ya mazabodi; itoe kwa kibanio cha plastiki na usafishe vumbi kwa brashi laini.

Hapa ndipo multimita, yaani mita ya kupimia umeme, inapokuokoa pesa. Chomeka waya tena bila kuwasha. Kwenye plagi kubwa inayoingia mazabodi, yenye pini 20 au 24, tafuta waya wa zambarau. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye zambarau. Lazima usome volti 5, yaani kati ya 4.75 na 5.25, hata kama mashine imezimwa, kwa sababu umeme huo ndio unaoisikiliza swichi ya mbele. Ukiwa haupo kabisa, chomoa umeme, toa plagi hiyo kwenye mazabodi, rudisha umeme upime tena. Bado haupo? Pawasaplai imekufa. Ukirudi, kuna kitu kwenye mazabodi kinaufyonza.

Ukiwepo, chomoa umeme, toa plagi kubwa kwenye mazabodi, uunganishe waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, uache diski au feni ikiwa imechomekwa iwe mzigo. Rudisha umeme. Feni ya pawasaplai ikizunguka, pima waya wa njano: volti 11.4 hadi 12.6. Mashine nyembamba za ofisini mara nyingine zina plagi zao wenyewe na rangi hazifanani. Hizo usizijaribu hivi. Na pawasaplai yenyewe usiifungue. Ndani yake kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

Pawasaplai ikiwa nzima, chomoa umeme, toa kile kipande cha waya, rudisha plagi zake zote na umeme, uende kwenye pini za swichi ya mbele zilizo kwenye mazabodi, zenye maandishi PWR. Zigusanishe kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja. Mashine ikiwaka, ni swichi tu iliyochoka. Hamishia waya wa swichi ya RESET kwenye pini hizo na uendelee na kazi bila kununua kitu.

Isipowaka, punguza mzigo. Chomoa umeme kwanza, kisha diski, kadi, na waya za USB za mbele. Pini za USB zilizopinda na kugusana huzuia mashine nzima kuwaka. Toa RAM, vile vibao virefu vya kumbukumbu, sugua meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, maana hewa ya chumvi huyawekea utando, kisha rudisha moja tu. Badili betri ya duara iliyo kwenye mazabodi, CR2032. Ikishuka sana chini ya volti 3, mazabodi nyingine hugoma. Mwisho tazama kapasita za mazabodi zilizo karibu na prosesa, ile chipu kuu iliyo chini ya feni. Vichwa vyake viwe bapa. Vilivyovimba au kuvuja uji wa kahawia, hapo ndipo nakubali kuwa mazabodi inaumwa, na fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea anaweza kuzibadilisha.

Ikishindikana, toa diski kabla hujauza kasha kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa adapta ya USB utasoma mafaili yako kwenye mashine nyingine.