Somo: Kusafisha jiko la gesi la pleti mbili, kuanzia mtungini hadi kwenye moto

Wengi husugua bati la juu mpaka linang'aa, halafu sufuria zinaendelea kutoka na masizi na mtungi unaisha kabla ya siku zake. Bati halipiki. Uchafu unaoharibu moto umejificha chini: kwenye nozeli, yaani kitundu kinachotoa gesi, kwenye bomba fupi ambamo gesi inachanganyika na hewa, na kwenye matundu ya kichwa, kile kipande ambacho moto hutokea. Kwa hiyo somo hili linaifuata gesi njia yake yote.

Maelezo ni ya jiko la mezani lenye regulata na mpira. Oveni, na ule mtungi wa kilo 6 unaobeba jiko kichwani, vimo kwenye maswali.

Andaa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sponji laini, mswaki wa zamani, vijiti vya meno, limau au siki, bisibisi, spana ya boksi, brashi ndogo ya rangi na vitambaa viwili vikavu. Stilwaya iache kwa masufuria. Jik usiisogeze kabisa: inakula aluminiamu ya vichwa, na ikikutana na siki inatoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Hatua ya 1: Zima kuanzia mtungini

Washa pleti moja kwa moto mdogo, kisha funga regulata. Moto utafifia na kufa wenyewe, maana yake gesi iliyobaki kwenye mpira imeungua. Sasa ndiyo ufunge swichi ya jiko, uchomoe regulata na uache jiko lipoe nusu saa. Ukianza kwa kufunga swichi, mpira unabaki umejaa gesi, nayo itakutokea usoni ukifungua nozeli.

Moto usipokufa hata baada ya kufunga regulata, hapo hakuna cha kusafisha. Regulata imekufa, nunua nyingine.

Hatua ya 2: Vichwa na kofia

Kabla hujatoa kitu, piga picha kwa simu. Kofia, yaani kifuniko kinachokaa juu ya kichwa, ya pleti kubwa na ya ndogo hazibadilishani, na hata zinazofanana kwa macho huwa na kijimeno kinachotakiwa kuingia kwenye pengo lake.

Loweka vyuma vya kukalia sufuria, kofia na vichwa kwenye lita mbili za maji ya moto zenye vijiko viwili vya sabuni, kwa dakika 20. Kisha mswaki. Kofia za njano, zile za shaba, zisugue na nusu limau na chumvi kidogo, suuza mara moja. Vichwa vya aluminiamu visiguswe na magadi wala baking soda, vinageuka vyeusi.

Matundu ya kichwa yapitie moja moja kwa kijiti cha meno. Uchafu unaousukuma kutoka nje unaangukia ndani, kwa hiyo kila baada ya matundu machache kigeuze kichwa na kukigonga polepole kwenye kiganja. Maliza kwa maji yanayotiririka. Kisha kausha kwa dhati: juani saa moja au zaidi, si kupangusa tu. Tone la maji likibaki ndani, moto utarukaruka na kuzima, na utadhani umeharibu jiko.

Bati la juu ni sponji, sabuni, kitambaa. Usilimwagie maji, yatateremka kwenye koki na kwenye kiwashio. Likiwa la kioo, lipoe kabisa kabla maji hayajaligusa.

Hatua ya 3: Nozeli

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Nozeli ni kile kipande kidogo cha shaba kwenye mdomo wa bomba la kichwa, chenye tundu lisilofika milimita moja. Juu yake mara nyingi pana namba, tuseme 65 au 80: ni kipimo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani 0.65 au 0.80. Kwa udogo huo, pini ya chuma ikipita mara moja imekwangua shaba na tundu limepanuka. Gesi inayotoka inazidi hewa inayovutwa, moto unakuwa wa njano, na hakuna usafi utakaourudisha tena.

Ifungue kwa spana ya boksi inayolingana nayo, iloweke kwenye maji ya moto ya sabuni, kisha ipulize kwa nguvu upande wa nyuma. Iinue kwenye mwanga: tundu lionekane duara safi. Kama bado limeziba, nunua nyingine yenye namba ileile. Wakati imetoka, pitisha brashi kavu kwenye bomba la kichwa. Buibui hupenda kujenga humo, na mende hutaga popote penye mafuta na joto.

Hatua ya 4: Usome moto

Rudisha kila kitu, chomeka regulata, fanya kwanza kipimo cha povu cha hatua ya 6, kisha washa na uutazame moto bila sufuria juu, taa ikiwa imezimwa ili rangi ionekane.

Moto mzuri ni wa buluu, una ncha ndogo ya buluu iliyokolea katikati, na hautoi sauti kubwa. Ncha zikiwa za njano na zinayumba, hewa haitoshi. Huo ndio unaoleta masizi, na pia kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiupikie dirisha likiwa limefungwa. Moto unaoruka juu ya matundu na kulia kama upepo una hewa nyingi mno, au presha imezidi. Vicheche vya rangi ya machungwa vinavyotokea na kupotea ni vumbi au chumvi tu, hasa Pwani, wala visikupe shida.

Majiko mengi yana mlango wa hewa: kibati cha duara kwenye shingo ya bomba la kichwa, ukiinamia chini ya jiko utakiona. Moto wa njano, kifungue kidogo. Moto unaoruka, kifunge kidogo. Kigeuze milimita moja, utazame, ndipo uongeze.

Kama mlango hausaidii, angalia regulata. Ya nyumbani hutoa takriban milibari 30. Zile zenye mkono wa kuongeza presha, ambazo mama lishe hufungia majiko makubwa, hazifai kabisa kwenye jiko la mezani, hata kama muuzaji anaapa kuwa zinawahisha maharage.

Hatua ya 5: Mpira, klipu na sili

Mpira wa gesi una tarehe iliyochapwa ubavuni. Ubadilishe kila miaka miwili hadi mitatu, au siku yoyote unapoona nyufa. Ukunje kwa vidole karibu na klipu zote mbili, hasa zile sentimita kumi za upande wa jiko zinazopigwa na joto: mpira uliozeeka huonyesha nyufa nyembamba kama nywele ukikunjwa, ukiwa umenyooka huoni kitu. Urefu usizidi mita 1.5, usiunganishe vipande viwili, na usiupitishe nyuma ya jiko lenye oveni.

Mpira mpya uingie kwenye chuchu ya jiko angalau sentimita tatu. Ukigoma, lainisha kwa maji ya sabuni. Mafuta ya kupikia huula mpira na kuufanya uchomoke. Klipu ziwe za skrubu. Waya wa kufungia mifuko au utepe wa mpira wa baiskeli haubani sawasawa pande zote.

Ndani ya mdomo wa mtungi kuna kipete cheusi cha mpira, ndiyo sili. Kiangalie kila unapobadilisha mtungi, kabla aliyeuleta hajaondoka. Kikiwa kimekatika au hakipo, arudi nao.

Hatua ya 6: Povu

Vijiko viwili vya sabuni kwa nusu kikombe cha maji, koroga mpaka litoke povu zito. Fungua regulata huku swichi za jiko zimefungwa, kisha paka kwa brashi: mdomo wa mtungi, shingo ya regulata, ncha zote mbili za mpira, na nyuma ya swichi. Subiri dakika moja kila sehemu. Povu likivimba na kukua, panavuja. Funga, kaza, rudia. Kiberiti si kipimo: gesi ikifikia takriban asilimia 2 tu ya hewa iliyopo, inawaka.

Hatua ya 2 ifanye kila wiki mbili kama unapika kila siku, hatua ya 3 kila miezi sita, na povu kila unapobadilisha mtungi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Nimeosha vizuri, lakini sasa pleti kubwa nikiipunguza moto unaingia ndani na kulia "puu". Nimekosea wapi?

Marahaba. Kofia haijakaa. Inua, itazame ile picha uliyopiga, iweke upya mpaka isicheze ukiigusa. Kofia ikipinda hata kidogo, moto unapita kwenye pengo na kwenda kuwakia kwenye nozeli, na ukiuacha hivyo utayeyusha swichi. Ikikaa vizuri na bado inalia, kichwa kina maji au mlango wa hewa umefunguka mno.

Mimi nina mtungi mdogo wa kilo 6, jiko linafungwa juu yake. Nifuate hatua hizi hizi?

Vichwa na povu, ndiyo. Mpira huna, lakini chunguza sili kila unapofungua jiko, na likaze kwa mkono bila koleo. Ugomvi wa mtungi huo ni uzito ulio juu: sufuria pana ya makande au ugali wa watu kumi inauangusha ukianza kusonga, na sufuria pana pia inarudisha joto chini kwenye valvu. Tumia sufuria ndogo, sakafu iwe tambarare.

Pia ukipika muda mrefu unatoa jasho la baridi. Hapo gesi inageuka kutoka kimiminika na kunyonya joto la chuma, ni kawaida. Usiumwagie maji ya moto, na usiulaze ili "gesi iliyobaki itoke": ukilala, kinachotoka ni kimiminika, ambacho kikigeuka gesi huongezeka zaidi ya mara 200, na moto utakaotokea huwezi kuuzima kwa swichi.

Oveni yangu inawaka vizuri, nikiachia swichi inazima. Dada wa kazi anaishikilia kwa kijiko.

Mwambie aache kijiko leo. Ndani kuna kijiti cha shaba kinachoguswa na moto, themokapo. Kikipata joto ndicho kinachoiachia valvu ibaki wazi, moto ukizimika kinaifunga. Kikishika masizi hakihisi joto. Jiko likiwa limepoa, kipanguse kwa msasa laini, kisha hakikisha ncha yake imo ndani ya moto. Shikilia swichi sekunde 10 ndipo uachie. Ikizima bado, badilisha themokapo.

Nikisikia harufu ya gesi usiku nifanye nini kwanza?

Usiwashe taa, na iliyowaka usiizime. Cheche ya swichi inatosha. Usiwashe feni. Fungua milango na madirisha, funga mtungi kama unafikika, toeni watoto nje, na simu uipige ukiwa nje: Zimamoto Tanzania ni 114. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujilaza sakafuni na kukaa kwenye mashimo, kwa hiyo madirisha ya juu peke yake hayaiondoi, mlango ndio unaoitoa. Kwa sababu hiyohiyo mtungi hauwekwi kwenye kabati lisilo na matundu chini.

Tumehamia Mikocheni, nyumba ina gesi asilia ya bomba. Naweza kuunganisha jiko langu la mtungi?

Si kwa nozeli zilizopo. Gesi asilia inahitaji tundu kubwa zaidi, kwa nozeli ya mtungi utapata moto wa kuchemshia chai tu. Kinyume chake ndicho cha hatari: jiko la gesi asilia likifungwa kwenye mtungi linatoa moto mkubwa wa njano. Nozeli zote zibadilishwe na fundi wa kampuni inayokuletea gesi, ambaye ataangalia pia presha. Na gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda darini.

Nitajuaje kama mtungi nilioletewa umejaa?

Kwenye kola ya mtungi, kile kishikio cha chuma kinachozunguka valvu, pamegongwa uzito wake mtupu. Ukiona 16.2 kwenye mtungi wa kilo 15, mzani usome 31.2. Upime mlangoni, kabla hujalipa.