Umechaguliwa vyuo viwili vya ubunifu majengo? Kagua haya kabla ya kuthibitisha

Majina yametoka na umedahiliwa kusoma ubunifu majengo katika vyuo viwili, tuseme Chuo Kikuu cha Ardhi pale Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) kule Mbeya. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inakutaka uthibitishe kimoja tu, na dirisha hukaa wazi siku chache. Wengi hufuata jina la chuo, au alikokwenda rafiki. Lakini hii ni kozi ambayo moyo wake uko studio, yaani chumba cha kuchorea ambamo mwalimu hupita meza kwa meza kusahihisha, si kwenye ukumbi wa mihadhara. Kwa hiyo kagua studio.

Kabla ya hapo, maliza suala la usajili. Tanzania, kazi ya mbunifu majengo hufanywa na aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB). Piga simu au andika barua pepe kwa bodi yenyewe, uulize kama shahada ya kila chuo inatambuliwa kwa usajili. Usiishie kuuliza chuo, maana ruhusa ya kufundisha ni jambo moja na kutambuliwa na bodi ya taaluma ni jambo jingine. Angalia pia idadi ya miaka. Mwongozo wa UNESCO na Umoja wa Kimataifa wa Wabunifu Majengo (UIA) unataka masomo ya miaka isiyopungua 5, na shahada ya Ardhi ni ya miaka 5. Ukiona programu ya miaka 3 au 4, uliza sehemu iliyobaki inasomewa wapi na nani atailipia. Kama chuo kimojawapo kiko Marekani, ujue kwamba chombo cha ithibati cha huko, NAAB, hakitoi ithibati kwa shahada ya sayansi ya miaka 4. Utalazimika kuongeza uzamili.

Sasa studio. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika kila chuo. Wa mwaka wa kwanza bado hajajua uzito wa kozi, na wa mwisho yumo kwenye mradi wake, hana muda. Mwulize: kipindi cha studio ni saa ngapi, darasa lenu mko wangapi, na walimu wanaopita mezani ni wangapi? Piga hesabu. Kipindi cha saa 4 ni dakika 240. Mwalimu mmoja akiwa na wanafunzi 12, kila mmoja anapata dakika 20, zinazotosha kukunjua karatasi, kueleza wazo na kusahihishwa. Akiwa na wanafunzi 40, ni dakika 6. Kosa kwenye mchoro wa ngazi lisiloonekana wiki ya tatu litaonekana siku ya kuwasilisha mbele ya jopo, na hapo ndipo watu wanaposhika sapu (mtihani wa marudio). Uliza pia kama kila mwanafunzi ana meza yake na kama studio hufunguliwa usiku. Studio inayofungwa jioni inakurudisha kuchorea kitandani.

Kisha omba kuona kazi za wanafunzi. Usianze na picha za kompyuta zenye anga la machweo. Hizo zinaweza kuficha mengi. Omba mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha jengo kama limekatwa wima, wa kipimo cha 1:20 (sentimita 1 ya karatasi ni 20 za jengo), na uusome kuanzia chini: zege la msingi, tabaka la kuzuia unyevu, tofali, linta (boriti ya juu ya dirisha), kenchi, bati, gata. Weka rula kwenye sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Sentimita 3 kwenye karatasi ni sentimita 60 jengoni. Je, zinatosha kulikinga dirisha hilo na jua, na mvua ya upepo? Maji ya bati yanaanguka wapi? Joto la chini ya bati linatoka nje kupitia wapi? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri amejibu yote kwa mistari na vipimo. Chuo ambacho kazi zake za mwaka wa tatu hazina mkato hata mmoja wa namna hiyo, kiwekee alama ya kuuliza kubwa.

Mji nao unafundisha. Dar utabuni kwa joto na unyevunyevu, ukijifunza kuupitisha upepo chumbani, na Soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli liko mji huo huo, la kutembelewa na kuchorwa. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Juni na Julai itakulazimisha kufikiria dari, na kukaribisha jua badala ya kulikimbia.

Gharama zinazoangusha watu ni zile ambazo hazimo kwenye orodha ya ada. Uliza bei ya kuchapa karatasi moja ya A1, ile kubwa ya michoro, kwenye duka lililo karibu na kila chuo. Tuseme wasilisho moja ni karatasi 8, utachapa mara mbili kwa sababu ya makosa, na kuna mawasilisho 2 kwa muhula: hizo ni karatasi 32. Zidisha kwa bei. Ongeza kadibodi, gundi, kisu na rula ya chuma kwa ajili ya modeli. Kompyuta itafute yenye RAM ya GB 16. Ya GB 8 huganda usiku ule ule wa kutengeneza picha za mwisho. Kama unategemea bumu, uliza Bodi ya Mikopo kuhusu fungu la mahitaji maalumu ya kitivo kwa kozi hii.

Kuhusu fildi, swali ni moja: chuo kinakutafutia nafasi, au unazunguka mwenyewe na barua?

Vyuo vikilingana kwa yote hayo, chagua kile ambacho utapata chumba cha kutembea kwa miguu hadi studio. Halafu ingiza namba ya siri ya kuthibitisha mapema. Siku ya mwisho mfumo huelemewa.